Kuuza kofia za mkono mtandaoni kutoka Lamu: fedha ya kwanza iende kwenye tovuti au mahali pengine?

Binti wa Langoni (Lamu)

Assalaamu alaykum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa walioko humu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuuza mavazi kwa njia ya mtandao, hasa walioko pwani. Ushauri mwingi ninaoupata hutoka kwa watu wa Nairobi ambao mzigo wao huchukuliwa mlangoni kwa pikipiki, na mzigo wetu sisi huanza safari juu ya punda, ukapanda mashua hadi Mokowe upande wa bara, ndipo ukaliona basi.

Hali yangu ni hii. Mama yangu, shangazi zangu na majirani kadhaa hapa Langoni wanashona kofia za viua kwa mkono. Kofia moja iliyojaa kazi huchukua wiki nyingi, na nyingine miezi, kwa kuwa kila tundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, na mshonaji huishika kazi hiyo baada ya kumaliza shughuli za nyumba. Miaka yote mauzo yetu yametegemea misimu: Idi, harusi, na siku za Maulidi ambapo wageni huujaza mji kuja msikiti wa Riyadha. Nje ya misimu hiyo kofia huuzwa kwa mchuuzi anayekuja na bei yake, na mwenye dharura hukubali. Nimesoma biashara chuoni, na nia yangu ni kumuuzia mvaaji mwenyewe, awe Mombasa, Nairobi, Muscat au London, ili sehemu kubwa ya bei irudi kwa aliyeshika sindano.

Nina akiba ya kuanzia, si kubwa, na kila ninayemwuliza ananielekeza pa kuitia. Wa kwanza ananiambia nijenge tovuti yenye duka kamili, mteja achague kofia na alipe bila kuzungumza na mtu. Wa pili anasema tovuti ni anasa, kwa kuwa Instagram na WhatsApp zinatosha. Wa tatu ananishauri nijiunge na soko kubwa la mtandaoni ambalo tayari lina wanunuzi, kisha nilipe kamisheni. Kila mmoja ana hoja, lakini wote watatu wanazungumza kana kwamba nina ghala la kofia mia za aina moja. Ninazo kofia chache, kila moja na mchoro wake na kipimo chake, na nikiuza moja siwezi kuleta mfano wake kesho.

Jambo jingine linalonisumbua ni kofia za mashine. Katika picha ndogo ya simu, kofia iliyotarizwa kwa mashine na iliyoshonwa kwa mkono hukaribiana sana, ilhali bei zake ni mbingu na ardhi. Mteja aliye mbali ataniaminije, na mimi nitamwaminije yeye nikiwa nimetuma kazi ya miezi miwili ya mtu mwingine?

Basi swali langu ni hili: kwa bidhaa inayotoka polepole na isiyofanana, teknolojia ipi inasaidia kweli, na fedha ya kwanza iende wapi?

Fundi wa Tovuti (Malindi)

Wa alaykumu salaam, dada. Kazi yangu ni kujenga tovuti hapa Malindi, za hoteli na za wauza nguo, kwa hiyo ningefaidika nikikuambia ujenge. Kwa sasa sikushauri hivyo, na nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu nawaona vijana wengi wa pwani wakimaliza mtaji kabla ya mteja wa kwanza kufika.

Katika biashara ya mavazi mtandaoni, anguko linalotajwa sana ni la Boo.com, kampuni ya London iliyoanzishwa na Waswidi. Ilifungua duka lake la mtandaoni Novemba 1999, ikafungwa Mei 2000 baada ya kutumia takribani dola milioni 135. Nguo zake zilikuwa nzuri, picha ziliweza kuzungushwa pande zote, na palikuwa na muuzaji wa kuchorwa wa kumshauri mteja. Lakini watu wengi siku zile waliingia kwenye intaneti kwa laini ya simu ya nyumbani, na kurasa zile zilikuwa nzito mno kwa laini hizo. Mteja alingoja, akachoka, akaondoka. Mteja wako aliyenunua kifurushi kidogo cha data cha siku moja bado yuko katika hali ileile. Ukurasa wenye picha nzito humlia kifurushi kabla hajaiona bei.

Mwaka huohuo wa 1999, huko San Francisco, Nick Swinmurn alianza kwa njia nyingine kabisa. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akapiga picha za viatu vya wenyewe na kuziweka kwenye ukurasa sahili. Mtu alipoagiza, alirudi dukani, akanunua kiatu kwa bei ya dukani na kukituma. Hapo hapakuwa na faida, lakini alipata jibu la swali moja kubwa: je, watu watanunua kiatu ambacho hawajakijaribu mguuni? Walinunua, na kampuni hiyo, Zappos, ikaja kununuliwa na Amazon mwaka 2009 kwa takribani dola bilioni 1.2. Kinachonivutia mimi katika habari hiyo ni mpangilio wake, kwamba swali lilijibiwa kabla ya chochote kujengwa. Swali lako wewe ni kama mtu wa Nairobi au Muscat atalipa bei kamili ya kofia ya mkono kwa kuona picha na kusoma maelezo. Hilo unaweza kulijibu kwa WhatsApp Business, ambayo ilitoka mwaka 2018 na kuongezewa katalogi mwaka 2019, bila kulipia programu yoyote.

Hata hivyo, simuungi mkono anayekuambia kwamba Instagram na WhatsApp zinatosha siku zote. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja duniani kote kwa takribani saa sita, na mfanyabiashara ambaye wateja wake wote wamo humo hakuwa na njia ya kumfikia hata mmoja. Akaunti pia huibwa, na nyingine hufungwa bila mwenyewe kupewa maelezo ya kutosha. Sajili jina lako la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lenye .co.ke mapema, hata kama utaweka ukurasa mmoja tu wenye picha chache na namba ya simu, kisha hifadhi orodha ya wateja katika jedwali lako mwenyewe nje ya programu hizo. Masoko makubwa ya mtandaoni yaache kwanza. Yamejengwa kwa ajili ya muuzaji mwenye bidhaa nyingi zinazofanana, na kofia yako itapangwa karibu na ya mashine, mnunuzi akilinganisha bei peke yake.

Kama ni lazima ulipie kitu upande wa teknolojia, lipia picha. Kofia nyeupe juu ya kitambaa cheupe wakati wa adhuhuri haionyeshi kazi yoyote. Piga asubuhi au alasiri, kwenye daka la mlangoni au karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni ili kila tundu lipate kivuli chake, na chini ya kofia tandika kitambaa cheusi au cha buluu iliyokoza. Kisha ipunguze picha uzito kabla ya kuituma.

Muuza Madera (Malindi)

Dada yangu wa Langoni, mimi nauza madera na kanzu za watoto kutoka hapa Malindi, na wateja wangu wengi wako bara. Nakubaliana na kaka wa tovuti kwa mengi na sitayarudia. Ninalotaka kulitilia mkazo ni kipimo, kwa maana hapo ndipo faida ya mavazi ya mtandaoni hupotelea. Zalando ya Berlin, iliyoanza mwaka 2008 na kukua kwa kumwahidi mteja kurudisha bidhaa bila malipo, hurudishiwa karibu nusu ya bidhaa zinazotoka. Kampuni yenye maghala na mitambo huweza kulihimili hilo katika hesabu zake. Wewe huwezi kuhimili hata robo yake, kwa sababu kofia iliyorudishwa kutoka Nairobi hulipiwa nauli mara mbili, ikapita tena Mokowe, na huenda ikakufikia Idi imekwisha pita, nayo imejaa mikunjo ya safari.

Dera humfaa mwembamba na mnene, na ndiyo sababu niliingia mtandaoni kwa dera. Kofia haina nafasi hiyo: ikipungua sentimita moja haiingii, ikizidi inashuka hadi masikioni. Kabla hujanunua chochote, rekodi video fupi ukimwonyesha mteja namna ya kupima kichwa kwa tepu ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na masikio na kupita kisogoni, na apime mara mbili. Asiye na tepu atumie uzi, kisha aulaze kwenye rula. Mwombe akutumie sentimita pamoja na picha ya tepu ikiwa kichwani. Mimi hufanya vivyo hivyo kwa kanzu za watoto, urefu kuanzia begani, na bidhaa zinazorudishwa zimepungua sana tangu nilipoanza kudai picha. Katika katalogi, kila kofia iandikie mzunguko wake wa ndani na kimo chake kwa sentimita. Usiandike kwamba ni kubwa au ndogo, kwa sababu maneno hayo hayampimi mtu kichwa.

Kuhusu kofia za mashine, ushahidi uko upande wa ndani. Mashine ya kutarizi hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, na ndani huacha mishono iliyolingana sawasawa mwanzo hadi mwisho. Mkono huacha vifundo, na mishono yake hutofautiana kidogo kila mahali. Piga picha ya ndani ya kila kofia, na ueleze mteja atazame nini. Zaidi ya hapo, piga picha ya kofia hiyohiyo ikiwa na kazi nusu, penseli ya mchoro bado ikionekana. Anayechukua kofia za jumla za mashine hawezi kuwa na picha ya namna hiyo, na mteja akishafundishwa kutazama atamdai kila muuzaji picha ya ndani, jambo ambalo litawasaidia hata washonaji wasiokuwa na wewe.

Upande wa malipo, tenga fedha za biashara na za nyumbani kwa kufungua Pochi la Biashara au namba ya till ya M-Pesa, ili ujue mwisho wa mwezi ulichouza. Na usiamini ujumbe wa malipo aliokutumia mteja, kwa kuwa ujumbe wa kughushi ni mwingi. Fungua taarifa ya akaunti yako mwenyewe, uione fedha imeingia, ndipo kofia itoke mkononi mwako.

Mwenye Duka la Kofia (Mkomani, Lamu)

Mwanangu, wa alaykumu salaam, na marahaba. Mimi ni mmoja wa hao wachuuzi unaowataja, nimeuza kofia hapa mjini tangu kabla simu za mkono hazijatufikia. Sikuandika ili kujitetea. Nimefurahi kwamba binti wa nyumba ya washonaji anataka kuifanya kazi hii kwa elimu, na vijana hawa wawili wamekueleza vyema upande wa mnunuzi. Upande wa mshonaji bado haujaguswa, nao ndio utakaoamua kama biashara yako itadumu.

Jiulize kwa nini mama mwenye kofia nzuri humuuzia mchuuzi kwa bei ya chini ilhali anajua thamani yake. Bei anaijua kuliko mimi. Anauza kwa sababu mchuuzi anatoa fedha leo, wakati karo inadaiwa leo na mgonjwa anasafirishwa leo, na mara nyingi mchuuzi huyo alikwisha kutoa kitambaa na uzi, au alikwisha kumkopesha tangu kofia ikiwa nusu, kwa hiyo kofia haikuwa tena ya mshonaji ilipomalizika. Sasa wewe unakuja na mtandao, unamwambia asubiri mpaka apatikane mnunuzi wa Muscat, ambaye anaweza kutokea mwezi ujao au baada ya Ramadhani. Anayelipa kidogo leo atakushinda wewe unayelipa kikubwa baadaye, hata uwe na tovuti ya namna gani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba fedha ya kwanza iende kwa mshonaji. Nunua bafta nzuri na uzi mzuri, umpe. Mkubaliane bei ya kazi mapema, kisha umlipe kwa hatua: sehemu mchoro ukishakamilika na kazi ikaanza, sehemu duara la juu likimalizika, na iliyobaki ukuta ukishaungwa. Akipata dharura katikati, atakuja kwako kuchukua stahili yake ya hatua inayofuata badala ya kwenda kukopa. Biashara yako itakuwa imesimama hapo, na hayo ya picha na katalogi yataota juu yake. Weka daftari, na kila mshonaji awe na nakala yake anayoweza kuisoma mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mji mdogo kama wetu hupotea pamoja na udugu.

Nakuonya pia juu ya mafanikio. Picha ikisambaa na maagizo yakaja mengi kwa wiki moja, sindano haitakwenda kasi zaidi kwa sababu ya hayo. Hapo ndipo nimewaona wauzaji wakichanganya: za mkono tano, za mashine kumi, bei moja. Heri umwambie mteja kwamba zamu yake ni baada ya miezi mitatu. Usimwahidi mtu kofia kwa Idi kama haijaanza kushonwa mapema, kwa kuwa Idi haisogezwi mbele kumsubiri fundi.

Na jambo dogo ambalo wauzaji wa mtandaoni hulisahau: mpe mteja maelezo ya kufua. Kofia ya mkono hufuliwa taratibu, hutiwa wanga, na hukaushwa ikiwa imekaa juu ya kitu cha mviringo cha kipimo chake. Akiitia kwenye mashine ya kufulia pamoja na suruali, atasema kazi ya Lamu haidumu.

Binti wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru nyote, na wewe mzee wangu Mwenyezi Mungu akulipe kheri, kwa sababu nilikuwa nikiangalia mlango wa mteja peke yake. Nimekwenda kumsomea mama maneno yako juu ya kulipa kwa hatua, naye amesema ndiyo haja yao hasa, ila ameongeza kwamba hatua zisipimwe kwa siku bali kwa kazi iliyoonekana, kwa sababu siku ya mshonaji mwenye mtoto mchanga si sawa na ya mwingine.

Nina maswali matatu yaliyobaki. Je, nianze na wateja wa nje au wa nchini? Je, ni sawa kuweka jina na picha ya mshonaji pamoja na kofia aliyoshona? Wengine wangependa jina lijulikane lakini uso usionekane. Na arubuni: nimdai mteja kiasi gani kabla kazi haijaanza?

Karani wa Forodha (mzaliwa wa Faza)

Dada, nitajibu mawili ya kwanza kwa kuwa ndiyo niliyo na ujuzi nayo.

Anza na Kenya. Kofia ni nyepesi, hukunjwa ikalala, na kwa posta husafiri vyema hadi nchi yoyote, kwa hiyo nauli haitakushinda. Kinachobadilika mara kwa mara ni ushuru upande wa mpokeaji. Marekani ilikuwa ikiruhusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, na ruhusa hiyo iliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa kila bidhaa inayoingia, hata ya bei ndogo, tangu tarehe 1 Julai 2021. Mteja asiyeambiwa mapema huletewa dai la kodi mlangoni, hukataa mzigo, na wewe ndiwe unayepata hasara. Ukifika wakati wa kuuza nje, andika wazi kabla ya malipo kwamba ushuru wa nchi yake ni juu yake, na thamani unayoiandika kwenye karatasi ya forodha iwe ya kweli. Fedha si tatizo kama zamani; tangu mwaka 2018 mwenye akaunti ya PayPal hapa Kenya anaweza kuhamisha fedha zake kwenda M-Pesa, ingawa makato uyahesabu katika bei.

Kuhusu majina na picha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu taarifa za mtu yeyote unazozihifadhi, pamoja na vipimo, anwani na namba za wateja wako. Kwa mshonaji pata ridhaa yake kwa maandishi, ieleze wazi ni jina, ni mkono au ni uso, na awe na haki ya kuiondoa anapotaka. Picha ya mikono ikishona inatosha kabisa na ina heshima yake.

Naongeza jambo usiloliuliza. Fikirieni kusajili alama ya biashara ya kikundi chenu mapema katika KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara na usanifu. Mnamo mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi huko kwao, kwa tahajia ya "kikoy", kama alama yake ya biashara. Ilibidi Wakenya, wakisaidiwa na Traidcraft, shirika la Uingereza la biashara ya haki, wapinge hadi ombi likaachwa. Michoro ya kale ya kofia huwezi kuisajili kuwa yako, kwa kuwa usanifu wa kusajiliwa sharti uwe mpya, na michoro hiyo ni ya watu wote wa pwani. Jina la kikundi chenu na alama yenu ndivyo mnavyoweza kuvilinda, kwa miaka 10 kila usajili, na huhuishwa.

Hesabu za kodi nazo zisikutishe. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Daftari la mzee wetu litakusaidia kujua unakaribia wapi.

Fundi wa Tovuti (Malindi)

Nakubaliana na mzee kuhusu mahali pa kuanzia, na ninaondoa neno langu la kwamba fedha iende kwenye picha. Ila daftari la karatasi pekee lina hatari ya maji na ya kuungua. Lipige picha kila jioni unapoandika, na namba zilezile uzitie kwenye jedwali la simu linalojihifadhi mtandaoni. Kila kofia ipewe namba yake siku ambayo kitambaa kinakatwa. Chini ya namba hiyo ziende picha zote: mchoro, kazi nusu, ndani, na kofia iliyokamilika ikiwa na tepu. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye kikaratasi kinachoambatana na kofia. Mteja akikuuliza baada ya miaka miwili kama kofia aliyouziwa na mtu mwingine ni yenu, utafungua namba na kumjibu. Siku utakapotaka duka kamili la mtandaoni, jedwali hilo ndilo litakaloingizwa, na kazi yangu itakuwa ya siku chache tu badala ya kuanza upya.

Muuza Madera (Malindi)

Kuhusu arubuni, kwa kofia ambayo tayari imekamilika mteja alipe yote kabla haijaondoka. Kwa kofia ya kuagiza, mimi ningedai nusu, na nusu hiyo isiwe faida yako bali iende moja kwa moja katika malipo ya hatua aliyoyataja mzee. Tuseme, kwa mfano tu, kofia bei yake ni shilingi 6,000 na mmekubaliana mshonaji apate 4,000. Arubuni ya 3,000 inalipa kitambaa, uzi na hatua mbili za kwanza, na akiba yako inagusa sehemu ya mwisho pekee mpaka mteja amalize. Kwa njia hiyo akiba ileile inaweza kubeba kofia nyingi zaidi kwa wakati mmoja kuliko ukilipia kila kitu mwenyewe.

Andika pia mapema kwamba arubuni hairudishwi mteja akighairi baada ya kazi kuanza, lakini hurudishwa yote kama wewe ndiye uliyechelewa kupita muda mliokubaliana. Wateja wangu wa bara huliuliza sharti hilo la pili kabla ya lolote, na wengi hulipa palepale wakiliona limeandikwa. Kila mwisho wa wiki mtumie picha moja ya kofia yake ilipofika. Mteja anayeiona kazi ikisonga hapigi simu kuuliza, na akishaipokea huituma picha yake mwenyewe kwa jamaa zake, ambao ndio watakaokuwa wateja wako wa msimu ujao.

Mwenye Duka la Kofia (Mkomani, Lamu)

Bei ya mfano ya dada wa Malindi isichukuliwe kuwa bei ya kofia, kwa kuwa iko kazi inayostahili zaidi ya hapo kwa mbali. Mwanangu, zile kofia ulizonazo sasa zilete dukani siku yoyote baada ya Alasiri pamoja na mama yako akipenda. Tutazipanga kwa daraja za kazi, laini na za kawaida, ili ukianza kuandika bei kwenye katalogi uandike kwa kipimo ambacho kila mshonaji wa mji huu atakikubali.

Binti wa Langoni (Lamu)

Inshallah tutakuja Jumamosi. Nimekwisha nunua daftari mbili, na namba ya kwanza itakwenda kwenye kofia ambayo shangazi ameanza kuichora wiki hii. Dada wa Malindi, nakuomba unitumie maneno ya sharti lako la arubuni kama ulivyoyaandika kwa wateja wako, niyalinganishe na yangu kabla sijayaweka hadharani.